Dola 18 za transkripsheni: zinapungulia wapi kabla ya kufika kwa simu yako?

Kama unafanya kazi ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ile ambayo mtaani tunaiita transkripsheni, huenda umewahi kutuuliza swali hili: "Nimelipwa dola 18. Mbona kwa simu zimeingia kidogo hivi?" Jibu fupi ni ada na bei ya dola siku hiyo. Lakini pesa za mnukuzi huanza kupungua mapema sana, kabla hatujaziona sisi, na sehemu kubwa hubaki mikononi mwa watu ambao yeye hatawahi kukutana nao. Kwa hivyo leo tunaifuata pesa hiyo kutoka inakoanzia. Tutachukua muda kidogo, uwe na chai karibu.

Ilikuwa kazi ya mshahara

Tuanze Marekani, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikokua ikawa biashara kubwa, hasa hospitalini. Daktari akishamwona mgonjwa, alizungumza kwenye kinasa sauti: dalili, dawa, vipimo vya kesho. Kanda ilipelekwa kwa wapiga chapa wa hospitali. Hapo mtu aliyevaa hedifoni, mguu ukiwa kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, aliandika kila neno. Wengi wao walikuwa wanawake. Walikuwa waajiriwa wenye mshahara, likizo na bima. Daktari akimumunya jina la dawa, mpiga chapa angeweza kupanda ngazi akamuulize.

Miaka ya 1990 sauti ikawa faili ya kompyuta, na faili haiulizwi pasipoti. Hospitali zikaanza kuikabidhi kazi hiyo kwa kampuni za nje, nazo kampuni zikaituma India, Pakistan na Ufilipino. Saa za dunia zilisaidia: kukiwa usiku California, Bangalore ni mchana, kwa hivyo daktari alizungumza jioni na ripoti ikamngoja asubuhi. Malipo nayo yakaacha kuwa ya mwezi yakawa ya mstari. Mstari mmoja, kwa hesabu iliyozoeleka, ni herufi 65.

Wapiga chapa wa Marekani hawakufutwa wote siku moja. Wengi walirudishwa nyumbani na kuambiwa sasa ni wakandarasi. Kompyuta ni yako, stima ni yako, bima ujitafutie, na siku ambayo hakuna faili hakuna pesa. Baadaye programu za kutambua sauti zikaanza kuandika rasimu, na binadamu akaambiwa kazi yake ni kusahihisha tu. Bei ya mstari ikashuka, mara nyingi ikakaribia nusu. Ila huwezi kusahihisha sauti ambayo hujaisikiliza, kwa hivyo saa za kazi hazikupungua kwa kiasi hicho. Anayeilipa hiyo tofauti unamjua.

Huko Bangalore hadithi ilikuwa na upande mwingine, na ni haki tuuseme. Kwa kijana aliyetoka chuo, kazi ya kunukuu ripoti za madaktari ilikuwa kazi safi ya ofisini, yenye malipo ya maana kwa maisha ya pale. Hatuandiki haya kusema kwamba kazi ya kutoka ng'ambo ni mbaya. Kenya hii kuna karo zimelipwa na mabati yamepigwa kwa pesa za transkripsheni. Tunachosema ni kwamba kazi ilipovuka bahari, haikuhama mahali tu. Hasara zote ndogo ndogo, yaani sauti mbaya, intaneti kukatika, mteja kukataa kazi, zilihama kutoka kwa mwajiri zikaenda kwa anayepiga chapa.

Barua pepe kutoka Karachi

Kuna kisa cha mwaka 2003 ambacho kila mnukuzi anafaa kukijua. Mwezi Oktoba, hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilipata barua pepe kutoka kwa mwanamke wa Karachi, Pakistan. Alisema amenukuu rekodi za wagonjwa wa hospitali hiyo na hajalipwa, na kwamba asipolipwa ataziweka rekodi hizo kwenye intaneti. Ili wasidhani anatania, aliambatanisha faili za wagonjwa wa kweli.

Hospitali ilishangaa. Haikuwa imempa mtu yeyote wa Karachi kazi. Iliipa kazi kampuni moja ya Sausalito, mji ulio ng'ambo ya daraja la Golden Gate, na walikuwa wamefanya biashara kwa miaka mingi. Kampuni hiyo nayo ilimpa sehemu ya kazi mwanamke wa Florida. Wa Florida akampa mwanamume wa Texas. Wa Texas ndiye aliyemtumia yule wa Karachi. Hospitali haikujua, na kampuni ya Sausalito ikasema nayo haikujua. Kila mkono ulikata chake, na mkono wa mwisho, ambao ndio hasa ulioandika, ulibaki unadai. Deni lenyewe lilikuwa kama dola 500. Mwishowe alilipwa sehemu ya pesa hizo na akaondoa tishio lake.

Kutisha kuanika siri za wagonjwa ni kosa, na hilo hatulipunguzi hata kidogo. Wale wagonjwa hawakuwa na deni la mtu. Lakini hebu kiangalie kisa kwa jicho la malipo. Mama yule angemshtaki nani? Hakuwa na mkataba na hospitali wala na kampuni ya Sausalito. Aliyemjua ni mtu mmoja wa Texas, kwa barua pepe. Mtu huyo akinyamaza, basi, hakuna mlango mwingine wa kubisha. Na upande wa pili, hospitali ililipa vizuri tu na kwa wakati, ikiamini pesa zake zimefika.

Malipo yanayopita mikono minne yana tatizo hili: anayetoa ana risiti, anayefanya kazi hana.

Kisha kazi ikashuka Mombasa

Kenya ilikuwa na watu wenye Kiingereza kizuri miaka yote, ila intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kukatisha tamaa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na faili ya sauti ya saa nzima ikawa kitu ambacho mtu anaweza kuipakua akiwa Kahawa Wendani au Eldoret. Baadaye serikali ikaja na mpango wa Ajira Digital, na transkripsheni ikawa kati ya kazi ambazo vijana walifundishwa. Pesa nazo zikapata njia: kuanzia Aprili 2018 mtu aliweza kutoa pesa zake za PayPal moja kwa moja hadi M-PESA, bila kumtafuta yule jamaa wa kubadilisha dola kwenye Facebook.

Shida ni kwamba faili zilizotufikia hazikuwa zetu peke yetu. Tovuti za unukuzi huiweka faili moja mbele ya watu wa nchi nyingi, na anayebofya kwanza ndiye anayeichukua. Kampuni ikitaka kupunguza bei haihitaji kujadiliana na mtu. Novemba 2019, Rev, mojawapo ya kampuni kubwa za Marekani katika kazi hii, ilishusha kiwango chake cha chini cha malipo kutoka senti 45 hadi senti 30 za dola kwa kila dakika ya sauti. Wateja wake wakati huo walitozwa dola 1 kwa dakika. Wanukuzi walilalamika hadharani, magazeti yakaandika, na bei ikabaki chini.

Hesabu hii ifanye nasi. Faili ya dakika 60 kwa senti 45 ni dola 27. Kwa senti 30 ni dola 18. Mnukuzi mzoefu huchukua kama saa nne kumaliza sauti ya saa moja, ikiwa imerekodiwa vizuri. Dola 18 kwa saa nne ni dola 4.50 kwa saa. Anayeanza, au aliyepewa mkutano wa watu sita wanaokatizana huku kikombe kikigongwa mezani, atachukua saa nane kwa urahisi. Hapo ni dola 2.25. Tovuti hukuonyesha bei ya dakika ya sauti. Wewe unaishi kwa saa za ukutani. Kabla ya kubofya faili, igeuze bei iwe ya saa yako, na uwe mkweli kuhusu kasi yako.

Karachi yetu ya WhatsApp

Tovuti nyingi hazipokei maombi kutoka Kenya, au ziliwahi kupokea zikafunga. Kutokana na hilo kumezuka soko la akaunti. Mtu aliye na akaunti, mara nyingine imefunguliwa kwa jina la mtu wa nchi nyingine, anaikodisha. Dalali wa kikundi cha WhatsApp au Telegram anatafuta wapiga chapa. Wapiga chapa wanagawana mafaili usiku.

Tuseme tovuti inalipa senti 50 kwa dakika. Mwenye akaunti anabaki na senti 25, dalali anachukua 10, na wewe unapata 15. Faili ya dakika 60 inakuletea dola 9, kama Sh1,161 dola ikiwa Sh129. Toa bando, toa tokeni za stima. Umelala saa kumi alfajiri na aliyelala mapema ndiye aliyepata zaidi yako. Ni ule mnyororo wa Sausalito, tofauti ni kwamba sasa unapitia Roysambu.

Hata bei mbaya si ndiyo hatari kubwa hapa. Tovuti ikigundua kwamba akaunti inafunguliwa kutoka sehemu ambayo haikutarajiwa, huifunga, na salio lililomo hukwama. Ukilalamika, wewe ni nani? Jina lililoko si lako. Wapo pia wanaouziwa akaunti ambayo haipo kabisa: unatuma pesa, unatumiwa nenosiri, linafanya kazi siku moja, kisha linabadilishwa na nambari ya muuzaji inazimwa. Likikupata, tupigie simu papo hapo tuombe kurudisha muamala. Tunasema papo hapo kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala hatuna cha kurudisha. Na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Kama umeambiwa ni kampuni na jina ni la mtu binafsi, simama hapo.

Kitu kingine ambacho wengi hawakichukulii kwa uzito ni kuombwa laini. Dalali anakuambia, "Nipokelee malipo ya kikundi kwa simu yako, halafu uwatumie wengine, utabaki na Sh500." Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ni yako machoni pa sheria. Pesa zilizopatikana kwa akaunti ya wizi zikipita hapo, atakayeulizwa kwanza ni wewe. Sheria ya Kenya kuhusu utakatishaji wa pesa imekuwepo tangu 2009, na haina kifungu cha "nilikuwa nasaidia tu".

Sasa zile dola 18

Chukulia umeifanya kazi kwa akaunti yako halali. Dola 18 ziko kwenye tovuti. Kutoka hapo zinaweza kukatwa mara nne: ada ya tovuti ya kutoa pesa, ada ya kampuni inayozipokea, bei ambayo dola inabadilishiwa kuwa shilingi, na ada ya kutoa kwa wakala. Ndiyo, na sisi tumo katika orodha hiyo. Ada zetu ziko kwenye ukurasa wa ada na unaweza kuzisoma kabla.

Ile ya tatu ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu haiitwi ada na haionekani kwenye ujumbe. Benki Kuu ya Kenya huchapisha bei ya dola kila siku ya kazi. Kampuni ya kubadilisha haikupi bei hiyo; inakupa ya chini kidogo, na tofauti ni faida yake. Kuipima ni rahisi: chukua shilingi zilizoingia kwa simu, gawanya kwa dola ulizotoa. Ukitoa dola 18 na ukapokea Sh2,200, umebadilishiwa dola moja kwa Sh122.22. Kwa Sh129 ungepata Sh2,322. Hizo Sh122 katikati ndizo gharama ya safari, iwe zimeitwa ada au la. Fanya hesabu hiyo kwa njia mbili tofauti za kutoa pesa, mara moja tu, na utajua ya kutumia.

Bei yenyewe pia inacheza. Januari 2024 dola ilivuka Sh160, na tangu katikati ya mwaka huo imekaa karibu na Sh129. Dola 18 kwa Sh160 ni Sh2,880; kwa Sh129 ni Sh2,322. Kazi ni ile ile, masikio ni yale yale, na Sh558 hazipo. Aliyepanga kodi ya nyumba kwa bei ya Januari aliumia kufikia Juni. Ushauri wetu ni kupanga matumizi kwa bei ya chini, ikipanda ni bahati yako.

Je, utoe kila siku au mara moja kwa wiki? Inategemea ada. Kama ni kiasi kile kile kila unapotoa, subiri zijae. Kama ni asilimia, kusubiri hakukuongezei kitu, na kuna sababu nzuri ya kutoziacha kwenye tovuti muda mrefu. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi za kufundishia akili bandia ambalo Wakenya wengi walilitegemea, lilisitisha shughuli zake hapa nchini kwa barua pepe. Hakukuwa na mkutano wala notisi ya mwezi. Salio la kwenye tovuti ni ahadi, la kwenye simu ni pesa. Na zikiwa kwa simu, si lazima uzipeleke kwa wakala: lipa tokeni, bando na duka moja kwa moja, uokoe ile ada ya nne. Kikomo cha salio la simu ni Sh500,000, lakini kwa senti 30 kwa dakika, hilo lisikukoseshe usingizi kwa sasa.

Mashine inachukua faili rahisi

Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu ya kunukuu sauti ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Sauti safi ya mtu mmoja anayeongea Kiingereza cha Marekani sasa inanukuliwa kwa dakika chache. Kwa hivyo kilichobaki kwa binadamu ni kilekile kigumu: lafudhi, kelele, watu kuongea pamoja. Na mara nyingi kinalipwa kama usahihishaji. Ni yale yaliyowapata wapiga chapa wa hospitali za Marekani, sasa yametufikia sisi.

Tunaloliona kwa wateja wetu wenye biashara ni kwamba kuna kazi ya karibu ambayo haishindanwi na dunia nzima. Watafiti na mashirika hufanya mahojiano kwa Kiswahili, Kidholuo, Kikamba, Kisomali, au kwa Sheng iliyochanganywa na vyote, na wanahitaji maandishi na tafsiri ya Kiingereza. Mtu wa Manila hawezi kuichukua faili hiyo, na mashine bado inayumba lugha zikichanganywa katika sentensi moja. Hapa unajadiliana na anayelipa mwenyewe. Mwandikie bei kwa dakika ya sauti, bei tofauti ikiwa sauti ni mbaya, na siku ya malipo. Omba sehemu ya pesa kabla ya kuanza. Anayekataa kabisa kutanguliza hata kidogo amekuambia jambo kuhusu siku ya malipo. Mahojiano ya watafiti yana siri za watu, kwa hivyo usiyasikilize cyber wala kumpa rafiki akusaidie bila ruhusa ya mwenye kazi.

Weka rekodi pia. Daftari linatosha: tarehe, dakika za sauti, saa ulizotumia, dola au shilingi ulizoahidiwa, shilingi zilizoingia, na nambari ya muamala. Mapato haya yanatangazwa kwa KRA kama mengine, kabla ya Juni 30 kila mwaka, na taarifa ya miamala ya mwaka mzima unaweza kuipakua kwenye programu yetu sehemu ya "Taarifa". Ukitupigia kuhusu malipo ambayo hayajafika, tutakuuliza mambo matatu: nambari ya muamala, tarehe, na jina la aliyetuma kama lilivyo kwenye ujumbe. Ukiwa nayo, tunaanza kufuatilia ukiwa bado kwenye laini.